Maneno ya Dukani na Sokoni: Matembezi katika Barabara ya Kismayu mjini Garissa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa lahaja za kaskazini anapotaka kueleza maisha ya njia kuu ya mji wa kale, aghalabu huanza na Lamu, ambako njia ipitayo katikati ya majumba ya mawe huitwa usita wa mui. Barabara kuu ya Garissa haijapata kupewa nafasi ya namna hiyo. Wengi huichukulia kuwa iko nje ya mipaka ya Kiswahili, na kwamba Kiswahili kisikikacho hapo ni cha kubahatisha tu, kilichovunjwavunjwa na watu ambao lugha yao ni Kisomali.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni hayo hayana msingi katika isimu. Njia tutakayoifuata ni nyepesi. Tutatembea barabarani jioni, wakati jua limepungua ukali na watu wametoka kununua mahitaji yao. Tutaingia dukani, sokoni na mnadani, na kuyachungua maneno machache yanayotumika huko. Maneno yenyewe yatatuonyesha kama kweli tuko ugenini.

2. Jina la barabara

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Thika na Mwingi husafiri kilomita zipatazo 370 kabla ya kuvuka daraja la mto Tana na kuingia mjini. Barabara kuu ya mji huitwa Barabara ya Kismayu. Jina hilo ni la mji wa bandari ulioko Somalia, lakini neno lenyewe kwa kawaida hufasiriwa kwa Kiswahili: ni kisima na yuu, yaani kisima cha juu, kwa matamshi ya lahaja za kaskazini ambazo husema yuu pale ambapo Kiswahili sanifu husema juu. Hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Jubaland kwa Italia, Kismayu ilikuwa ndani ya mipaka ya koloni ya Kenya. Kwa hiyo mtu atembeaye katika barabara hii hukanyaga jina la Kiswahili lililokwenda Somalia na kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo yafaa tulikumbuke kabla ya kuingia madukani. Kandokando ya mto Tana, kusini ya Garissa, huishi Wailwana, ambao pia huitwa Wamalakote. Lugha yao ni ya kundi la Sabaki, pamoja na Kiswahili, Kipokomo, lugha za Mijikenda na lugha za Visiwa vya Ngazija. Derek Nurse ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000 jinsi Kiilwana kilivyobadilika kwa sababu ya kukaa karibu na lugha za Kikushi kwa muda mrefu. Basi jamaa ya Kiswahili na jamaa ya Kisomali zilikuwa majirani katika bonde hili zamani sana, kabla ya kuwako ofisi ya serikali wala duka la rejareja.

3. Dukani

Tuingie sasa katika duka. Mnunuzi aliyetoka Mwingi ameshika shuka, naye auliza: "Abti, hii bei gani?" Muuzaji amjibu: "Mia nane. Qaali ma aha." Mnunuzi hajui Kisomali, lakini amesikia qaali, na kwa kuwa yeye husema ghali, ameelewa kwamba aambiwa kitu hiki si ghali. Hatuwezi kusema kwamba Kisomali kimelikopa neno hili kutoka Kiswahili, wala kwamba Kiswahili kimelikopa kutoka Kisomali. Lugha zote mbili zimelipata kutoka Kiarabu, kila moja kwa njia yake, nazo zimekutana tena juu ya meza ya muuza nguo.

Maneno ya biashara ya aina hii ni mengi. Tuyatazame machache, Kiswahili kikitangulia:

(a) soko: suuq
(b) duka: dukaan
(c) mizani: miisaan
(d) hesabu: xisaab
(e) faida: faa'iido
(f) hasara: khasaare
(g) deni: deyn
(h) kima: qiimo
(i) saa: saacad
(j) halali: xalaal

Msomaji asiyezoea maandishi ya Kisomali aweza kubabaika hapa. Kisomali kilipewa rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, na katika hati hiyo x ni sauti ya ha ya kooni, na c ni sauti ya ain. Ubao wa hoteli ulioandikwa xalaal hauna neno geni hata kidogo.

Tukiyalinganisha maneno haya twaona kwamba tofauti zake zafuata kanuni. Sauti ya ain, ambayo Kiswahili kimeiacha, Kisomali kimeihifadhi: ndipo twapata saa na saacad. Sauti ya qaf ya Kiarabu imekuwa k katika Kiswahili, lakini Kisomali kimeishika: kima na qiimo, kalamu na qalin. Kinyume chake, sauti ya ghain imebaki gh katika Kiswahili, lakini katika Kisomali imeungana na q: ghali na qaali. Kisomali hakina z wala p. Ndiyo maana mizani ni miisaan, na pesa, neno lililotoka India, ni beeso.

Kanuni hizi zatufaa pia katika kukadiria matamshi. Muuzaji ambaye Kisomali ndicho lugha yake ya kwanza akisema besa badala ya pesa, hakosei ovyo. Aifuata fonolojia ya lugha yake kwa uaminifu uleule ambao Mswahili huifuata yake anaposema kalamu badala ya qalam. Tofauti ni kwamba kosa la Mswahili limekwisha kuingia katika kamusi.

Neno duka lastahili maelezo ya ziada. Kisomali kimeihifadhi n ya mwisho ya neno la Kiarabu, na katika wingi husema dukaammo. Kiswahili kimeiacha, na yaelekea sababu yake ni sarufi: wasemaji walipoisikia dukani waliichukua -ni kuwa kiambishi cha mahali, kama nyumbani au shambani, nao wakalipata duka kwa kukiondoa. Kadhalika neno bei. Katika Kiarabu asili yake ni tendo la kuuza, na Kisomali beec bado lina maana hiyo. Kiswahili kimeihamisha maana kutoka tendo hadi thamani inayotajwa. Na qiimo, ambalo kwa Kisomali ndilo hasa bei ya kitu, kwa Kiswahili limebaki katika kima, kama tusemavyo kima cha chini cha mshahara. Ndugu hawa wa baba mmoja wamegawana urithi, wala hawakugawana sawa.

4. Sokoni na mnadani

Tukitoka dukani twaingia Suuq Mugdi, soko la nguo lenye vibanda vilivyosongamana. Mugdi ni giza. Hapa huuzwa vazi jepesi na pana la wanawake ambalo Wasomali huliandika dirac, na ambalo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa huliita dera. Msomaji ameshajua ile c imekwenda wapi. Huuzwa pia cadar, ambayo ni atari ya Waswahili, na xinne, ambayo ni hina. Mahali pa chakula, baasto ni neno lililotoka Italia, na sambuus ni sambusa. Jiko, kwa upande wake, limetoka Kiswahili na kuingia katika Kisomali cha kusini, ambako maana yake ni chumba cha kupikia.

Siku ya Jumatano watu wengi huelekea kwenye mnada wa mifugo, ambao ni miongoni mwa minada mikubwa katika Afrika ya Mashariki. Mtu muhimu hapa ni dilaal, ndiye dalali wetu. Katika desturi ya zamani ya wafugaji wa Kisomali, bei ya mnyama hutajwa kwa vidole: muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, na kila kidole kina hesabu yake, ili waliosimama karibu wasijue. Yafaa mwanaisimu aikumbuke desturi hiyo anapofika na daftari lake. Jambo kubwa kuliko yote sokoni laweza kutendeka bila neno hata moja.

5. Kuitana

Mnunuzi wetu alimwita muuzaji abti. Neno hili ni mjomba, ndugu wa mama. Adeer ni ami, ndugu wa baba. Mgeni hujifunza haraka kuyatumia kwa heshima, lakini hushangaa mzee mwenye mvi anapomjibu yeye, kijana, kwa neno lilelile: adeer. Huenda akadhani anafanyiwa mzaha. Sivyo. Katika Kisomali majina ya ukoo huitikiwa kwa kurudishwa. Ami humwita mwana wa nduguye adeer, na mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama. Mswahili asiwe mwepesi wa kuona ajabu, kwa maana mama wa pwani humwita mwanawe wa kiume baba na binti yake mama, na hakuna asiyeelewa.

Neno waryaa limepatwa na mkasa mbaya zaidi. Katika Kisomali ni mwito tu wa kumwitia mwanamume, kama tusemavyo wewe bwana. Wasikilizaji wa miji mingine ya Kenya waliusikia mwito huo mara nyingi, wasijue maana yake, wakaufanya kuwa jina la watu: waria, kwa maana ya Msomali, na mara nyingi kwa dharau. Kisarufi, kihisishi kimegeuka nomino. Kijamii, watu wazima wamepewa jina na watu ambao hawakutaka kujua walikuwa wanasema nini.

6. Majina ya mitaa

Vichochoro vitokavyo kwenye barabara kuu vyaelekea kwenye mitaa ambayo majina yake huanza na Bulla. Bulla Iftin ni mtaa wa nuru, na maneno yote mawili ni ya Kisomali. Lakini iko pia Bulla Punda, na huko Mandera iko Bulla Mpya: kichwa cha Kisomali na kivumishi cha Kiswahili, wala mkaaji wa hapo haoni mshono.

Jina la Bulla Kartasi latupa nafasi ya kuzijaribu kanuni zetu. Asili ya mbali ya neno ni qirtas ya Kiarabu. Kama Kisomali kingalilipokea moja kwa moja, tungalitazamia q mwanzoni; na kweli Kisomali kina qardhaas, ambayo ni hirizi iliyoandikwa. Kartasi ina k, tena ina irabu mwishoni. Basi neno hili limepitia Kiswahili, likaja Garissa kama karatasi, likapoteza irabu moja tu katikati.

Mtaa huo ulichomwa moto na askari wa serikali mwezi wa Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini. Habari zake zimo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Mtaa uliokuwa na jina la Kiswahili uliadhibiwa kama mtaa wa wageni.

7. Lugha ya kibali

Hapa ndipo twafikia jambo ambalo msamiati peke yake hauwezi kulieleza. Chini ya sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa, na watu hawakuweza kuingia au kutoka bila ruhusa. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ilifuatwa na sheria ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kitambulisho cha pekee. Katika miaka hiyo yote, lugha aliyoulizwa kwayo mtu wa Garissa, "Kitambulisho kiko wapi?", ilikuwa Kiswahili. Hata leo husikika mtu avukaye daraja kwenda Nairobi akisema kwamba aenda Kenya.

Kiswahili, basi, kiliingia mjini kwa milango miwili. Mmoja ni wa askari, ambao sentensi zake ni amri na maswali. Wa pili ni wa dukani, ambako mtu husema ghali, punguza, nitalipa kesho. Wauza mboga, mafundi, madereva na walimu waliotoka bara waliupanua mlango huu wa pili. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambamo watu 148 waliuawa, amri ya kutotoka nje usiku ilitolewa, na walimu wengi waliotoka bara walikuwa wamekwisha kuondoka au waliondoka wakati huo. Kwa muda, matembezi ya jioni katika barabara hii hayakuwezekana. Lugha ya dukani hupungua watu wanapoacha kutembea. Ile ya kizuizi cha barabarani haipungui.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno ya biashara ya Garissa yana utaratibu, kwamba mengi ni ndugu wa maneno yetu wala si vipande vyake vilivyovunjika, na kwamba jina la barabara na majina ya mitaa yamefumwa kwa lugha mbili. Mwalimu anayesahihisha insha ya mwanafunzi wa Garissa, na ambaye amekuta besa au mahali pasipo na upatanisho wa ngeli, hana budi kusahihisha, kwa kuwa mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini kabla ya kutia wino mwekundu yampasa ajue anasahihisha nini: mpaka wa kanuni mbili, ama uzembe. Mambo hayo hayafanani, wala dawa yake si moja.

Na mtafiti atakayekuja kuuandika msamiati huu aanze jioni, kwa miguu, akiwa na jambo la kununua. Atakayesimama kando na kuuliza maswali atachukuliwa kuwa ametumwa na serikali, naye atajibiwa kwa Kiswahili cha mlango wa kwanza.