Mkato, Nukta na Mchoro wa Irabu: Kusahihisha Kosa la Skeli katika ggplot2

1. Utangulizi

Mwanaisimu anayechunguza matamshi ya Kiswahili hupima sauti kwa kompyuta, kisha huzionyesha irabu zote tano katika mchoro mmoja. Kwa kazi hiyo wengi hutumia R, programu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, pamoja na ggplot2, kifurushi cha nyongeza cha kuchorea data kilichotungwa na Hadley Wickham na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2007. Makala haya yanaeleza kosa moja la skeli ambalo huwapata hasa wale waliosomea hesabu katika Kifaransa.

2. Kosa lenyewe

Katika mchoro wa irabu, fomanti ya pili (F2) huwekwa kwenye mhimili wa mlalo na fomanti ya kwanza (F1) kwenye mhimili wa wima. Mihimili yote miwili hugeuzwa, kwa amri scale_x_reverse na scale_y_reverse, ili irabu za mbele ziwe kushoto na zile za juu ziwe juu, kama zilivyo kinywani. Lakini mara nyingine mchoro hautokei. Hutokea ujumbe wa Kiingereza wenye maana kwamba thamani za makundi zimepelekwa kwenye skeli ya mfululizo.

Ujumbe huo una mantiki. ggplot2 hutofautisha skeli za aina mbili: ya mfululizo, ambayo hupokea namba tu, na ya makundi, ambayo hupokea majina, kama vile a, i, u. Mtumiaji anaona namba katika jedwali lake. Programu inaona maneno.

3. Chanzo

Nchini Kongo, kama Ufaransa, desimali huandikwa kwa mkato: 298,4. R hutarajia nukta: 298.4. Mtu akisoma faili yake kwa read.csv na kutaja nukta-mkato kuwa ndiyo itenganishayo safu, bila kutaja alama ya desimali, safu nzima ya F2 hugeuka maandishi. Tokeo ni lile lile iwapo seli moja tu ina neno kama "haisikiki".

Uchunguzi ni mwepesi: amri str huonyesha aina ya kila safu. Ikiandika "chr" au "Factor" mahali pa "num", chanzo kimepatikana.

4. Dawa ya kweli na dawa ya uongo

Dawa bora ni kuisoma faili upya kwa read.csv2, ambayo hutambua nukta-mkato kati ya safu na mkato katika desimali. Seli zenye maneno zitangazwe kuwa tupu kwa na.strings.

Iko pia njia ya mkato yenye hatari: kuilazimisha safu iwe namba kwa as.numeric. Ikiwa safu ni maandishi matupu, R huonya na kuacha seli tupu. Lakini ikiwa ni ya aina ya "Factor", jambo lililotokea lenyewe kabla ya R 4.0.0 ya mwaka 2020 na ambalo bado hutokea katika amri za zamani, R haitoi namba zilizopimwa, bali nafasi ya kila moja katika mpango wa kialfabeti. Tuchukue mfano wa kubuni: a ina F2 ya 1410,5, i ina 2250,4, u ina 890,2. Kialfabeti, 1 hutangulia 2, na 2 hutangulia 8. Hivyo a hupewa 1, i hupewa 2, na u hupewa 3. Mchoro hutoka bila lalamiko lolote, nao huionyesha u kuwa irabu ya mbele kuliko i!

5. Hitimisho

Kosa linalosimamisha kazi humsaidia mtafiti. Linalonyamaza humpotosha yeye na wasomaji wake. Anayelinganisha irabu za Lubumbashi na za Dar es Salaam, ambako desimali huandikwa kwa nukta, aweza kudhani amegundua tofauti ya lahaja, kumbe amegundua tofauti ya mkato na nukta. Basi aina ya kila safu ichunguzwe kabla ya kuchora, na mchoro ulinganishwe na sikio kabla ya kuchapishwa.