Mahudhurio Hayaletwi na Mgambo

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, ilivifunga visiwa vyetu na Unyamwezi kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa Unguja wakapanda na nguo na ushanga. Leo Tabora inatupa jambo jingine la kutafakari: utoro shuleni, au skulini kama tusemavyo Visiwani.

Mkoa huo ni wa tumbaku. Shule zinapofunguliwa Januari, majani yanakaribia kuchumwa, na kwa majuma mengi kazi ya kuchuma, kufunga na kukausha katika mabani hutaka mikono. Mkono wa mtoto haudai ujira. Anayetaka kuwalaumu wazazi wa Urambo na akumbuke Pemba wakati wa karafuu.

Sheria ipo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimwajibisha mzazi wa Bara kuhakikisha mtoto anahudhuria. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na tangu 2016 hata ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwetu elimu bila malipo ilitangazwa Septemba 23, 1964. Lakini mtoto aliyeletwa na mgambo Jumatatu, Jumatano hayupo.

Mwalimu Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1922, kuanzia 1937 hadi 1942. Ilikuwa shule ya bweni: baada ya masomo kulikuwa na midahalo, michezo na kazi. Mwanafunzi wa kutwa hana bweni. Kengele ya mwisho ikilia, hakuna kinachomngoja ila jembe na mifugo. Mpeni timu, kwaya, ngoma ya manyanga au bustani iliyo yake, naye atakuwa na sababu ya kufika kesho. Aliyepangwa kucheza Ijumaa hataki kukosa Alhamisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisitishwa, kisha yakarejeshwa. Kurejeshwa kwake ni jambo jema, ila mashindano hayo huchukua wachache walio hodari. Mtoro mara nyingi si hodari. Yeye anahitaji mpira wa darasa kwa darasa, usio na nauli wala sare.

Hapa pana suala ambalo maofisa hulikwepa. Mwandishi alianzia chuoni, mbele ya msahafu, kabla ya kuingia skuli ya serikali, na anajua saa za jioni zina wenyewe. Michezo ikipangwa bila kumshauri mwalimu wa chuo, mzazi atachagua chuo, na mwalimu mkuu ataandika kwamba wazazi hawashirikiani.

Ushirikiano wenyewe umegeuzwa kuwa michango. Mzazi huitwa kikao palipo na tundu la choo la kuchimbwa au deski la kununuliwa; barua ya shule ikifika, hupapasa mfuko kwanza. Kamati za shule na zijaribu njia nyingine: zimwite mzazi aje kumtazama mwanawe akicheza, na kabla ya mpira kuanza mwalimu amwoneshe daftari la mahudhurio la mwezi huo. Wapange naye, kabla ya Januari, siku zipi shamba litamhitaji mtoto baada ya masomo, na zipi halitamgusa kabisa. Jambo hilo halihitaji kifungu kipya katika bajeti ya halmashauri.