Gundi, ulimbo na sherizi: maneno ya kushikanisha vitu na matumizi yake

Gundi (nm) [i-/zi-]: kitu chenye kunata, aghalabu cha majimaji au kizito kama uji, kinachopakwa baina ya vitu viwili ili vishikane.

Katika Kiswahili cha leo nomino hii imebeba mzigo mkubwa. Ni gundi inayobandika picha kwenye daftari la mwanafunzi, ni gundi inayounga miguu ya kiti, na ni gundi inayoshikisha kiraka juu ya mpira wa baiskeli. Lugha nyingine hugawa kazi hizo kwa majina mengi. Kiswahili nacho kilikuwa na majina zaidi ya moja, lakini mengi yamefifia na gundi imerithi nafasi zake. Hata hivyo, lugha haijawa maskini kwa sababu hiyo. Tofauti ambazo nomino haizionyeshi tena zinaonyeshwa na kitenzi. Anayeandika au kufasiri maelezo ya gundi hana budi kukichagua kitenzi kwa uangalifu, kwani kitenzi kisichofaa huweza kuharibu kazi ya fundi au kumdhuru mtumiaji.

Asili ya neno gundi

Gundi limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ambako neno la shina hilohilo hutaja kwanza utomvu mgumu unaotoka katika gome la mti. Maana hiyo ya awali ingalipo. Gundi inayovunwa katika baadhi ya jamii za migunga, ambayo Sudan ndiyo mzalishaji wake mkuu na ambayo huvunwa pia kaskazini mwa Kenya, huitwa gundi ya Kiarabu. Huyeyuka katika maji, haina sumu, na kwa muda mrefu ilipakwa nyuma ya stempu na kwenye midomo ya bahasha. Viwanda vya vyakula navyo huitumia kuzuia viungo vya vinywaji na peremende visitengane, na kwenye vibandiko vya vyakula hutajwa kwa alama E414. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na neno gundi katika orodha ya viungo vya chakula asishtuke: hapo ni gundi ya mti, si ya seremala.

Wanafunzi huuliza iwapo kitenzi *gundua* ni kinyume cha gundi, kana kwamba kugundua ni kuondoa kilichogandishwa. Sivyo. Kufanana kwa sauti ni kwa bahati tu. *Gundua* ni kitenzi chenye maana ya kumkuta mtu asipotarajia au kutambua lililofichika, nacho hakihusiani na neno hili la kigeni. Kitenzi kinachotokana na gundi ni *gundisha*.

Majirani wa gundi

*Ulimbo* [u-] ni neno la Kibantu, na lugha kama Kichewa na Kishona zina neno la shina lilelile. Ni utomvu mzito unaopakwa kwenye vijiti ili ndege atuapo anase. Yeyote aliyepata kupasua fenesi anaujua ulimbo, ndiyo maana wapasuaji wazoefu hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza. Tofauti yake na gundi ni ya kusudi: gundi huunganisha, ulimbo hunasa. Kwa sababu hiyo washairi huutumia ulimbo kama sitiari ya mapenzi au hila. Aliyeingia katika ulimbo hakuunganishwa na mtu, bali amenaswa, na kufasiri sitiari hiyo kwa neno gundi ni kuiua.

*Utomvu* [u-] ni majimaji ya mmea yatokayo shina au tunda likikatwa. Si kila utomvu hunata, na si kila utomvu unaonata ni gundi. Huwa gundi pale mtu anapoutumia kushikanisha kitu.

*Sherizi* [i-/zi-] limo katika kamusi za zamani kwa maana ya gundi ya fundi. Linahusishwa na neno la Kiajemi linalotaja gundi ya mizizi iliyotumiwa na washona viatu na wajalidi wa vitabu. Leo ni wachache wanaolitamka, lakini msomaji wa matini za kale atalikuta, na mfasiri wa habari za ufundi wa kale, kama ule wa misahafu iliyoandikwa na kujalidiwa Siyu katika kisiwa cha Pate, anaweza kulifufua bila kuonekana amebuni.

*Lakiri* [i-/zi-] ni nta ngumu inayoyeyushwa kwa moto na kutiwa muhuri juu ya barua au kifurushi. Asili yake ni Kireno. Lakiri hufunga na kuthibitisha, haikusudiwi kubeba uzito.

*Sandarusi* [i-/zi-] ni ulimbo mkavu wa mti wa msandarusi. Iliyothaminiwa zaidi ni ile iliyochimbwa ardhini, iliyokwisha kuwa ngumu kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar, na sehemu yake ilifika Salem katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kutengenezwa vanishi. Hivyo sandarusi hung'arisha na kuhifadhi mbao, na si sahihi kuiita gundi ya mbao.

*Kanji* na *uji wa unga* ni gundi za jikoni. Kanji ni wanga unaotiwa kwenye nguo ili zikakamae zinapopigwa pasi. Unga wa ngano au wa muhogo ukikorogwa kwa maji na kupashwa moto huwa gundi nzuri ya karatasi, kwa sababu chembe za wanga hufura na kushikamana.

Vitenzi: hapa ndipo maana hukaa

*Nata* ni kuwa na hali ya kushika kinachogusa. Somo la kitenzi hiki ni kitu chenye hali hiyo: *asali inanata, vidole vinanata*. Nomino yake *mnato* hutumiwa pia katika fizikia kueleza uzito wa kimiminika katika kutiririka.

*Nasa* ni kushikwa au kushika pasipo ridhaa: *panya amenasa mtegoni*. Kutoka hapo lugha imepata *kinasa sauti*, chombo kinachoikamata sauti isipotee.

*Ganda* ni kuwa kigumu au kushika kabisa. Damu huganda, samli huganda, na kupe huganda kwenye ngozi ya ng'ombe. Mtu asiyetaka kuondoka husemwa ameganda kama kupe au kama ruba.

*Ambata* ni kugusana na kitu na kukaa juu yake. Mwisho wake *-ata* unapatikana katika vitenzi kadhaa vya mguso: *fumba* huzaa *fumbata*, nacho *kamata* kina umbo hilohilo. Ofisini, *ambatisha* na nomino *kiambatisho* hutumiwa kwa hati inayofuatana na nyingine, hata katika barua pepe ambamo hakuna tone la gundi.

*Bandika* ni kuweka kitu chembamba juu ya uso wa kitu kingine kikakaa hapo. Namna ya kukishikiza haitajwi: tangazo huweza kubandikwa kwa gundi, kwa utepe wa kunata au kwa pini. Ndiyo sababu ukutani huandikwa *Ni marufuku kubandika matangazo*, si *kugundisha*. Mwenye ukuta hajali kilichotumika. Kitenzi hiki kina kazi nyingine jikoni, *kubandika sufuria*, ila sufuria hiyo kwa kawaida *huipuliwa*, ilhali tangazo *hubanduliwa*.

*Gundisha* hutaja gundi waziwazi. Kinafaa pale njia yenyewe ni muhimu: *Usipigilie misumari, gundisha vipande hivi*.

*Unga* na *unganisha* hutazama kitu kizima kinachopatikana mwishoni. Seremala huunga mbao, mganga huunga mfupa. Ikiwa vipande viwili vimekuwa kimoja, kitenzi ni hiki.

Vitenzi hivi vingi vina kinyume chake ndani ya umbo lenyewe. Kama *funika* ilivyo na *funua*, na *anika* na *anua*, ndivyo *bandika* ilivyo na *bandua*. *Ganda* ina *gandua*, *nasa* ina *nasua*. Maneno *kuondoa* na *kutoa*, ambayo wafasiri hukimbilia, ni mapana mno: anayebandua huanza pembeni na kuvuta taratibu, anayenasua hukomboa kilichokamatwa.

Darasani, nyumbani na karakanani

Darasani maelekezo ya kazi za mikono huhitaji sentensi fupi na kitenzi kimoja kwa kila tendo: *Kata karatasi ya manila kwa mkasi. Paka gundi nyuma ya picha. Bandika picha katikati. Bonyeza kwa kitambaa.* Kosa la mara kwa mara ni *weka gundi*, maneno yasiyomwambia mtoto kama atadondosha tone moja au atatandaza uso mzima. *Dondosha* na *paka* humaliza shaka hiyo.

Nyumbani, sahani iliyovunjika *huungwa*, soli iliyoachama *hugundishwa*, na bango la mtoto *hubandikwa*. Pancha ya baiskeli *huzibwa*, kwa sababu lililo muhimu ni tundu, si kiraka.

Katika karakana ya seremala neno gundi huambatana na msamiati wake. Uso wa mbao husawazishwa kwa *randa*, kisha hupigwa *msasa*. Msasa kwa asili ni jina la mti ambao majani yake yana ukwaruzo na yalitumiwa kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuenea. Baada ya gundi kupakwa, vipande hubanwa kwa *jiriwa* hadi vishike. Mashine ya chuma ina njia yake: hapo fundi *hulehemu* au *huchomea*, na gundi haina nafasi.

Kukauka, kuganda na kushika

Gundi zote hazifiki mwisho kwa njia moja, na Kiswahili kina neno la kila njia.

Gundi nyeupe ya shuleni na ya mbao, yaani polivinili asetati, huwa ngumu maji yake yanapotoka. Hii *hukauka*. Gundi ya kale ya seremala, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa, hupakwa ikiwa moto na hushika inapopoa. Hii *huganda*, kisha hukauka. Gundi kali ya matone madogo, sianoakrilati, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1958, hugeuka kuwa ngumu inapokutana na unyevu uliopo hewani na juu ya vitu. Kusema kwamba inakauka ni kupotosha: unyevu ndio unaoikamilisha. Nayo epoksi, ya mirija miwili inayochanganywa, hugeuka ngumu kwa mmenyuko wa kikemikali baina ya sehemu hizo mbili.

Kwa gundi hizi mbili za mwisho kitenzi salama ni *shika*, au maelezo kamili: *huwa ngumu kabisa baada ya saa 24*. Kiingereza hutumia hapa kitenzi ambacho pia kina maana ya kuponya, na vibandiko vilivyofasiriwa kwa haraka humwambia fundi asubiri gundi *ipone*. Fundi asiyeelewa huinua kiti kabla ya wakati, na kiti huvunjika.

Maneno ya tahadhari

Hapa ndipo uteuzi wa kitenzi unapokuwa na uzito kuliko kwingine. Vibandiko vya sianoakrilati hutahadharisha kwamba gundi hiyo hushikanisha ngozi kwa sekunde chache. Tafsiri inayosema *inanata kwenye ngozi* ni dhaifu, kwa maana asali pia hunata. Tahadhari yapasa kusema: *Hugandisha ngozi na kope papo hapo.*

Maelekezo ya uokoaji nayo yaandikwe kwa vitenzi vya kinyume vilivyo sahihi. Vidole vikigandana visivutwe kwa nguvu. Vilowekwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishwe taratibu kwa kuvibingirisha. Gundi ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji, kope zisilazimishwe kufunguka, na mgonjwa apelekwe hospitali. Asetoni huyeyusha gundi hii juu ya ngozi, lakini haipaswi kufika jichoni hata kidogo.

Gundi za viatu na za viraka zina hatari tofauti: mvuke. Nyingi zina viyeyushi kama tolueni, vinavyodhuru ubongo wa anayevivuta kwa kusudi, na watoto wanaoishi mitaani wamekuwa waathirika wakubwa wa *kunusa gundi*. Katika kibandiko, *Usinuse* pekee haitoshi, kwa kuwa fundi hupata mvuke huo bila kunusa kwa makusudi. Yafaa kuandika: *Usivute mvuke wake. Tumia mahali penye hewa ya kutosha.*

Kwa mfasiri na mwalimu

Neno moja la Kiingereza hukusanya gundi ya mti, ufizi wa meno na chingamu, hivyo muktadha utangulie kamusi. Upatanisho wa kisarufi nao uangaliwe: *gundi imeshika, ulimbo umenasa, utomvu unatoka*. Wingi *gundi hizi* utumike kwa aina mbalimbali, si kwa kiasi kikubwa cha gundi moja, ambacho ni *gundi nyingi*.

Kabla ya kuchagua kitenzi, maswali matatu yatosha. Je, kinachotajwa ni hali ya kitu, tendo la mtu, au matokeo? Hali ni *nata*, tendo ni *paka, bandika, gundisha*, matokeo ni *shika, ganda, ungana*. Mwandishi anayeyatenga matatu hayo hatahitaji majina mapya ya gundi, na msomaji wake atajua afanye nini, kwa mpangilio gani, na asubiri muda gani.