Jezi za chupa zilicheza fainali, pamba ya Meatu bado ipo benchi

SHABIKI wa Nyakahura, mkoani Kagera, akiikuta jezi ya Uholanzi ya mwaka 2010 kwenye rundo la mitumba, asiidharau. Ile ni chupa tupu iliyogeuzwa nguo.

Kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini, Nike iliivalisha Uholanzi, Brazil, Ureno na timu nyingine jezi za poliesta iliyotokana na chupa za plastiki. Jezi moja ilimeza hadi chupa nane. Wadachi wakatinga nazo fainali Julai 11, wakalala 1-0 mbele ya Hispania, Andres Iniesta akiwaliza dakika ya 116.

Mwaka 2016 Bayern Munich na Real Madrid nazo zikavaa jezi za Adidas zilizotokana na plastiki ya baharini na ufukweni.

Lakini plastiki ni plastiki tu. Jezi ikifuliwa, vinyuzi vyake vinaondoka na maji.

Dawa ipo hapa hapa nyumbani. Wilayani Meatu, Simiyu, wakulima walio chini ya bioRe Tanzania wanalima pamba hai, bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali. Tatizo, pamba nyingi ya Tanzania huuzwa nje kabla haijawa nguo.

Kweli, pamba inashika jasho, mchezaji itamlemea. Ila shabiki jukwaani hakimbii dakika 90. Simba, Yanga na Kagera Sugar zikiagiza fulana za pamba hiyo, wanunuzi wapo.

Kwa sasa, mtumba uliotunzwa ukavaliwa misimu mitano nao ni ushindi.