Njia za Kuufikia Moyo Mgonjwa

Moyo wa mtu una vilango vinne. Hufunguka na kufungika mara 100,000 hivi kila siku, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Kilango kikikaza au kikivuja, moyo hulemewa: mgonjwa hutweta akipanda kilima, miguu yavimba, na usiku hawezi kulala chali. Dawa humpunguzia taabu; lakini kilango kilichoharibika sana sharti kitengenezwe au kibadilishwe.

Njia ya zamani ni kufungua kifua. Daktari hupasua mfupa wa kidari kwa msumeno, huusimamisha moyo, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu. Mashine hiyo ilifaulu mara ya kwanza mikononi mwa John Gibbon, kule Philadelphia, Marekani, mwaka 1953. Daktari huona vema kila kitu. Lakini mfupa huchukua miezi 2 au 3 kuunga.

Njia ya pili ni tundu dogo katikati ya mbavu. Mfupa haupasuliwi, na mgonjwa huinuka upesi. Walakini tusidanganyike: udogo ni wa jeraha, si wa kazi. Moyo husimamishwa vilevile, na mara nyingi mashine hutumika kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2002, huko Rouen, Ufaransa, Alain Cribier aliingiza kilango kilichokunjwa kupitia mshipa wa paja hata moyoni, pasipo kufungua kifua. Njia hii ya tatu huwafaa hasa wazee ambao kilango cha mshipa mkuu kimekuwa kigumu.

Basi, ipi ni bora? Ile inayokifaa kilango cha mgonjwa huyo, tena ambayo daktari wake ameizoea. Jamaa wasiulize tu, «Kovu litakuwa kubwa?» Waulize pia, «Kilango kitadumu?»

Wazazi wapenzi, katika nchi zetu vijana wengi huharibikiwa vilango kwa homa ya baridi yabisi, nayo huanzia kooni. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, tumpeleke zahanati mapema. Akipewa penisilini, aimalize. Sindano hiyo ndogo yaweza kumwepusha na msumeno na tundu pia.