Karani akikataa majani yako, pima macho kwanza

Na Mwandishi Wetu

Msomaji, ikiwa unachuma chai katika vilima vya Kericho au Bomet na umri wako umepita miaka 40, kuna swali ambalo pengine hakuna aliyewahi kukuuliza. Ni lini karani wa kituo cha kununulia majani alianza kukurudishia majani yako?

Sheria unaijua tangu utotoni: majani mawili na chipukizi. Karani hutia mkono kikapuni, akatoa konzi moja, akaona jani gumu hapa na kijiti pale, akatikisa kichwa. Wewe hukaa chini kando ya barabara ukayachambua upya huku lori likikaribia, ukinung'unika kwamba karani huyo ana chuki nawe. Huenda anayo. Lakini yawezekana pia kwamba jani unalolichuma hulioni sawasawa, na hujui kuwa hulioni.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ndogo iliyo laini. Ukitazama mlima ulio mbali, lenzi hiyo huvutwa na kuwa bapa. Ukitazama chipukizi kilicho mkononi, hufura kidogo ili kukikaribia. Tangu ujana wako lenzi hiyo imekuwa ikigeuka kuwa ngumu polepole, na mtu anapofika miaka 40 au 45 haiwezi tena kufura inavyotakiwa. Huu si ugonjwa. Humpata kila mtu aliyejaliwa kufika umri huo, awe profesa au mchunga ng'ombe. Profesa huugundua upesi kwa sababu kazi yake ni kusoma. Wewe huugundua siku unaposhindwa kutia uzi kwenye sindano, au unapoisogeza Biblia mbali hadi mkono unaisha, au unapopewa karatasi ya kilo na kumwomba kijana wa jirani akusomee. Hapo pana hatari nyingine isiyo ya kiafya: asiyeweza kusoma kilo zake hana budi kumwamini kila anayemsomea.

Dawa yake ni miwani ya kusomea, ile iliyo rahisi kabisa. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, nchini India, kwenye mashamba ya chai kama haya yetu. Wachumaji 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ambao macho yao yalishindwa kuona vya karibu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani mara moja, jingine likangoja hadi utafiti umalizike. Waliopewa miwani waliongeza uchumaji wao kuwashinda wenzao kwa karibu asilimia 22. Miongoni mwa waliopita miaka 50, tofauti ilizidi asilimia 30. Hawakuongezewa mbolea wala mashine. Waliwekewa vioo viwili mbele ya macho, basi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu macho, lilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana tatizo hili la kutoona vya karibu na hawajapata msaada wowote. Bila shaka wengi wao wanajifunga kikapu mgongoni kila asubuhi.

Sasa, miwani hiyo utaipata wapi ikiwa duka la miwani liko mjini, na nauli pamoja na ada ya kupimwa ni sawa na majani ya siku kadhaa? Hapa ndipo vilabu vya kujitolea vinapoingia. Pengine umewaona watu hao wamevaa fulana za manjano, wakisimamisha hema kwenye uwanja wa shule, ukadhani ni kampeni ya siasa. Ni wanachama wa Lions: walimu, wenye maduka, mameneja wa benki, madaktari, watu wanaochanga fedha zao na kuomba za wengine ili wafanye kazi isiyo na mshahara. Rotary ni wenzao, na ndio walioanza zamani zaidi, mwaka 1905 mjini Chicago. Klabu ya Rotary ya Nairobi iliundwa mwaka 1930.

Lions nao walianzia Chicago, mwaka 1917, chini ya mfanyabiashara wa bima aliyeitwa Melvin Jones. Wameshughulika na macho tangu mwaka 1925. Mwaka huo Helen Keller, mama wa Kimarekani aliyepoteza uwezo wa kuona na kusikia kabla ya kutimiza miaka miwili, alisimama mbele ya mkutano wao huko Ohio akawasihi wawe watetezi wa vipofu. Hawakumsahau. Mwaka 1990 walianzisha mpango wa SightFirst wa kupigana na upofu unaozuilika, na jijini Nairobi, mtaani Loresho, kuna hospitali ya macho yenye jina la mpango huo.

Miaka kadhaa iliyopita, kambi ya namna hiyo ilitangazwa kanisani na kwenye baraza la chifu katika kijiji kimoja upande wa Sotik. Nilimpeleka nyanya yangu, au kogo kama tunavyomwita huku. Kusema kweli, sikumpeleka kwa hiari yake. Alikuwa amesema kwa miaka mitatu kwamba macho yake ni ya uzee na uzee hautibiwi. Alimimina chai huku kidole chake kikiwa ndani ya kikombe ili ajue kimejaa wapi. Alinitambua kwa sauti. Na kila mahali alipokwenda, sokoni, kanisani, hata chooni, alishikwa mkono na binti mdogo wa mjomba, mtoto wa darasa la nne ambaye siku nyingine hakufika shuleni kabisa. Jambo hili la watoto kugeuzwa fimbo za wazee hatulisemi vya kutosha.

Ukifika kambini utapanga foleni, na foleni ni ndefu, kwa hivyo beba maji na chakula. Utasimamishwa mbali na ubao wenye herufi. Asiyejua kusoma huonyeshwa alama moja iliyogeuzwa huku na huku, naye hueleza kwa mkono imeelekea wapi. Kisha mhudumu hummulika kwa tochi. Kuanzia hapo watu hutengwa: huyu apewe dawa ya matone, yule apewe miwani, hawa wapelekwe hospitali. Nyanya aliwekwa na wa hospitali. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni ile lenzi niliyoitaja, ambayo sasa imepata ukungu kama dirisha la jikoni. Mwanga haupiti. Ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Umri ndio chanzo kikuu, lakini ugonjwa wa kisukari huuharakisha, sigara pia, na wataalamu huuhusisha na miale mikali ya jua na moshi wa kuni. Fikiria basi mama aliyeishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mchana kutwa juani bila kofia, jioni akiinama juu ya mafiga.

Hakuna matone wala majani ya kuchemsha yanayoweza kuondoa ukungu huo. Ni upasuaji tu. Jicho hutiwa ganzi, daktari hufungua kijitundu, huondoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya plastiki. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua chini ya nusu saa. Mgonjwa huwa macho, akisikia watu wakizungumza. Ule uvumi kwamba jicho hutolewa likawekwa mezani, kisha likarudishwa, ni uongo mtupu, na umewafanya wazee wengi wakatae kupanda basi la klabu hata baada ya jina kuandikwa. Nyanya naye alikaribia kushuka. "Mwanangu, ng'ombe atakamuliwa na nani?" aliniuliza. Hakuwa anaogopa kisu tu. Alikuwa na ng'ombe mmoja na hakumwamini mtu yeyote naye.

Kesho yake kitambaa kilipofunguliwa alinitazama kitambo, akasema, "Kumbe nawe umezeeka." Kisha akamgeukia binti wa mjomba na kumuuliza kwa nini nywele zake hazijachanwa.

Mgonjwa wako akirudi nyumbani, kazi yako ndiyo inaanza. Matone aliyopewa atayatumia kwa wiki kadhaa, kwa saa alizoambiwa, na anayemtia anawe mikono kwa sabuni. Asisugue jicho. Asiinamie moto, na asibebe kikapu, kuni wala mtungi mpaka daktari aseme. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu au kuona giza, usingoje siku ya kurudi kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Niruhusu sasa nivikosoe kidogo vilabu hivi ninavyovisifu. Kambi ya siku moja hupendeza kwenye picha: bango, mgeni wa heshima, wazee waliovikwa miwani. Lakini kuna ugonjwa ambao siku moja haiutoshi. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Anayegunduliwa nao huhitaji matone kila siku ya maisha yake, au upasuaji, na kupimwa tena na tena. Akipewa chupa moja kambini na kuachwa, chupa itakwisha ndani ya mwezi mmoja na upofu utaendelea. Kwa hivyo ukiambiwa una presha ya macho, usiondoke kwenye hema hilo bila karatasi yenye jina la ugonjwa na jina la kliniki utakayokwenda. Iwe ya hospitali ya kaunti mjini Kericho, ya Longisa, au ya Hospitali ya Tenwek karibu na Bomet, ambayo ilianza kama zahanati ya wamisionari mwaka 1937, ijue kabla hujaondoka. Nanyi wanachama, mkisoma haya, rudini kijijini baada ya wiki sita mkawahesabu watu wenu. Picha hazitakuwa nzuri, lakini mtajua nani anaona.

Kuhusu miwani pia nina neno. Si kila miwani iliyotolewa kabatini Ulaya inafaa jicho la Litein. Usipokee miwani kwa sababu ni ya bure tu. Ivae, shika jani la chai kwa umbali ule unaochumia, tazama kama unaona mishipa yake. Ikiwa huoni, irudishe uombe nyingine.

Mengine ni ya kukomeshwa nyumbani. Matone ya macho yaliyobaki ya jirani usiyatie, hasa yale yenye dawa za jamii ya steroidi. Yakitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Maziwa, mkojo na utomvu wa majani huingiza vijidudu, na kioo cha mbele cha jicho kikipata kidonda hubaki na kovu jeupe. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa kuwa ugonjwa huo huharibu nyuma ya jicho kimyakimya. Na ukiona mng'ao mweupe katikati ya jicho la mtoto mchanga, pengine kwenye picha ya simu, usingoje kambi wala bonasi ya chai. Huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, au saratani ya jicho, na kwa saratani kila wiki ina uzito. Hospitali, kesho.

Jicho la pili la nyanya lilifanyiwa upasuaji miezi minne baadaye. Safari hiyo alipanda matatu mwenyewe, akakaa mbele kando ya dereva, na njia nzima akawa anamwambia ni shamba la nani lililochumwa vibaya. Binti wa mjomba alikuwa shuleni.