Je, Wajua? Sashe ya Tunda na Kasa wa Muanda

Je, wajua kwamba mtu wa Tunda ambaye hajawahi kuiona bahari ni jirani yake? Tunda iko Maniema, katika nchi iliyo kati ya mito miwili, Lualaba upande wa mashariki na Lomami upande wa magharibi. Lualaba hupita Kindu, na baada ya maporomoko ya Boyoma huitwa Mto Kongo. Lomami huungana nao huko Isangi, chini ya Kisangani. Kwa hiyo sashe, yaani mfuko mwepesi wa plastiki, ikisombwa na mvua sokoni, iangukie kijito hiki au kile, njia ni moja: Atlantiki, kupitia Muanda, zaidi ya kilomita 2,000 kwa maji.

Je, wajua kwamba wageni walichelewa sana kulijua hilo? Mpelelezi Livingstone alipofika Nyangwe, humu humu Maniema, mwaka 1871, alidhani Lualaba ni maji ya Nile. Ni mpelelezi mwenzake, Stanley, aliyeufuata mto huo kutoka Maniema mwishoni mwa 1876, akisindikizwa mwanzoni na mfanyabiashara Tippu Tip, mpaka akatokea Boma mwezi Agosti 1877. Wapagazi wengi wa Stanley walitoka Zanzibar, na wengi walikufa njiani. Chupa tupu ya plastiki huenda njia hiyo hiyo bila msafara.

Na Kindu si mwanzo wa mkondo. Maji yanayopita pale yametoka mbali: Mto Chambeshi wa Zambia, Ziwa Mweru, na hata Ziwa Tanganyika, ambalo humwaga maji yake Kalemie kwa Mto Lukuga na kuingia Lualaba juu ya Kasongo. Ziwa Kivu nalo hushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika. Maana yake mvua iliyonyesha Rwanda, Burundi au Kigoma inaweza kupita mbele ya watu wa Kindu. Tunapokea taka za wenzetu wa juu, na wenzetu wa chini wanapokea zetu.

Je, wajua sashe inaweza kuzima taa? Waulize watu wa Bukavu. Chupa na mifuko inayosombwa kutoka kwenye vilima vya mji huelea ziwani Kivu hadi kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, hunasa kwenye mitambo, na mji hukosa umeme. Wafanyakazi huzizoa kwa mikono na mashine, na mvua ya kesho huleta nyingine.

Si kila sashe hufika baharini. Nyingi hukwama kwenye matete, kwenye nyavu za wavuvi, kwenye tope la ukingoni. Lakini kukwama si kuoza. Jua huikausha, maji huipasua, na kipande kimoja huwa vidogo mia visivyookoteka.

Je, wajua kwamba nchi yetu kubwa ina ufuko wa bahari wa kilomita 40 hivi tu? Katika ufuko huo mfupi, Muanda, kuna Hifadhi ya Bahari ya Mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992. Mlangoni mwa mto wanaishi nguva. Usiku, kasa hupanda mchangani kutaga, na mkubwa wao ni kasa ngozi, ambaye anaweza kupita kilo 500. Gabon, si mbali kutoka hapo, ni miongoni mwa maeneo makuu duniani wanakotaga kasa hao.

Huyo kasa ngozi ndiye ninayetaka tumtazame vizuri. Chakula chake ni yavuyavu, kiumbe laini, angavu, kinachoelea. Sashe ndani ya maji ina umbo hilo hilo na mwendo huo huo. Tena koo lake lote limejaa miiba iliyoelekea ndani, ili yavuyavu akishamezwa asiteleze kutoka. Miiba hiyo imemlisha kasa kwa mamilioni ya miaka. Leo ndiyo inayomzuia kuitema sashe. Hana kosa lolote, anafanya alivyoumbwa.

Wala si macho tu yanayodanganywa. Mwaka 2020 watafiti waliwapa kasa aina ya duvi harufu mbalimbali. Plastiki iliyokaa baharini, ikaota utando wa viumbe vidogo, iliwavuta sawasawa na harufu ya chakula. Plastiki safi haikuwavuta.

Vipande vingapi vinaua? Utafiti wa Australia wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kasa aliyemeza vipande 14 ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kufa. Kipande kimoja tu tayari ni hatari.

Je, wajua kwamba Mto Kongo hauishii Muanda? Chini ya bahari, mbele ya mdomo wake, kuna korongo refu lililochimbwa na tope. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa, tope liliporomoka humo zaidi ya kilomita 1,100, likakata nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari. Kwingineko, katika Bahari ya Mediterania, wanasayansi wamekuta vipande vidogo vya plastiki hadi milioni 1.9 katika mita moja ya mraba ya tope la chini, vilivyokusanywa na mikondo ya kilindini. Mkondo unaobeba tope hauchagui.

Haraka haraka: nyangumi aliyekufa Ufilipino Machi 2019 alikutwa na kilo 40 za plastiki tumboni. Kati ya taka zote za plastiki duniani hadi 2015, zilizorejelezwa ni asilimia 9 tu. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi, Flipflopi, kwa taka za plastiki na ndala zilizookotwa. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Je, wajua kwamba sheria tunayo? Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, Tanzania bara Juni 2019. Kongo nayo: Amri ya Waziri Mkuu nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Sashe bado ziko sokoni, kila meza.

Lakini tusichanganye mambo. Bidoni ya njano inayobeba mawese na maji kwa miaka si adui. Sirinji ya hospitali lazima itumike mara moja, kisha ichomwe panapostahili. Tatizo ni kile kinachoshika chumvi kwa robo saa na kubaki mtoni kwa miaka.

Na Maniema haihitaji kufundishwa namna ya kufunga chakula. Kwanga na samaki hufungwa kwa majani mapana ya porini tangu zamani, na jani likitupwa mbuzi hulila au udongo hulimeza. Kitunga hudumu. Chupa ya bia ya kioo hurudi dukani tupu, kwa sababu bila chupa tupu utalipa zaidi. Mpango huo unafanya kazi hadi vijiji visivyofikiwa na gari, na chupa ya plastiki ya maji ingeweza kuwekewa bei ya kurudishwa vivyo hivyo.

Kuna jambo moja gumu: maji ya sashe. Mama anayemnunulia mtoto mfuko wa maji kwa kuogopa kipindupindu hawezi kulaumiwa. Anayeweza kuiondoa sashe hiyo ni yule atakayeleta bomba lenye maji safi karibu na soko, na hilo ni la kudaiwa kwa wakubwa wa jimbo katika kila mkutano.